Mafuta Yakimwagika, Msituambie Habari za Uyoga

Makamanda, siku hizi ukihoji bomba la mafuta ghafi la Hoima–Chongoleani unajibiwa kwamba sayansi imesonga, eti hata uyoga unasafisha mafuta.

Uyoga kweli unasafisha. Mamama, huu tunaoula, huozesha magogo kwa vimeng'enya vinavyovunja ligini, na vimeng'enya hivyohivyo huvunja baadhi ya kemikali za mafuta. Sasa upeleke baharini uone. Uyoga wa porini hudhoofika kwenye chumvi. Zinazostahimili ni kuvu nyingine, ndogo kama ukungu wa mkate, zilizozoea mikoko na mabwawa ya chumvi. Nazo zinafanya kazi polepole na zinataka hewa, wakati tope la mikoko halina hewa hata ukichimba kidogo tu. Halafu mafuta ya Uganda yana nta nyingi kiasi kwamba bomba lote, kilomita 1,443, lazima lipashwe moto. Yakimwagika yanaganda.

Jirani zetu wa Mombasa walishaonja. Mwaka 1988 tangi lilitoboka, mafuta yakaingia mkono wa bahari wa Makupa, mikoko ikafa.

Mtauliza, Laela na Tanga wapi na wapi? Ziwa Rukwa liko hapo chini ya mteremko wetu. Maji yake ni ya magadi na hakuna mto unaotoka. Bonde hilo limeshatafutwa mafuta, na sasa heliamu. Kitakachomwagika pale kitabaki palepale, na samaki wetu.

Kwa hiyo mimi siulizi kuhusu kuvu, nauliza nani analipa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, na cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Vizuri. Ila Serikali, kupitia TPDC, ina hisa asilimia 15 kwenye bomba hilo. Anayetakiwa kumbana mchafuzi ni mbia wake! Mvuvi wa Chongoleani atamshtaki nani, na wakili atamlipa kwa pweza?

Ibara ya 18(d) ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yetu. Basi mpango wa dharura ubandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za mitaa na vijiji vyote linakopita bomba, na fedha ya kusafisha iwekwe benki kabla ya meli ya kwanza kupakia.