Chakula Kifuate Kazi, Kisifuate Cheo

Katika kazi yangu ya kuwapokea waandishi wa habari na wageni wanaohudhuria magwaride ya jeshi, nimeulizwa maswali mengi, lakini hakuna lililonichoma kama la bibi mmoja aliyekuja kumshuhudia mjukuu wake akitunukiwa cheo. Bibi yule aliwatazama makadeti waliokuwa wakipita mbele yake, wembamba na wakakamavu, kisha akatutazama sisi maofisa tuliosimama karibu na jukwaa, vifungo vya sare zetu vikiwa vimebana. Akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hivi nyinyi na hawa mnakula chungu kimoja?" Nikamjibu kwa fahari, "Ndiyo, bibi. Ni posho ile ile na maharage yale yale."

Baadaye nilitambua kwamba kwa jibu lile nilikuwa nimekiri kosa letu. Tulikula chungu kimoja, lakini hatukufanya kazi moja.

Nilipotoka chuo cha kadeti nilikuwa na uzito wa kilo 64. Chuoni tuliamka kabla ya alfajiri, tukakimbia na mizigo mgongoni, tukachimba mahandaki, tukatembea usiku kucha. Sahani ya posho iliyofurika haikubakisha kitu cha kuwekwa akiba mwilini. Kisha nikapewa meza, simu na kiti. Sahani ilibaki ile ile, na juu yake nikaongeza chai ya sukari, chapati za saa nne na chupa mbili tatu za bia jioni pamoja na wenzangu. Miaka minne baadaye nilikuwa na kilo 83, na katika mbio za majaribio nilifika wa mwisho, nikitiwa moyo kwa maneno ya huruma na askari niliopaswa kuwaongoza. Ofisa asiyeweza kufuatana na askari wake hana la kuwaongozea ila cheo kilichoko begani.

Ndugu msomaji, jambo hili si la jeshini peke yake. Linamhusu karani, mwalimu, dereva, na kijana anayenyanyua vyuma jioni ili apate kifua kipana. Wataalamu hupima nguvu iliyomo katika chakula kwa kalori. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori zipatazo 360. Basi sahani ya posho iliyosongwa kwa gramu 250 za unga ina kalori 900 kabla ya maharage kumiminwa juu yake. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Kadeti aliye katika mafunzo mazito aweza kutumia kalori 4,000 kwa siku au zaidi, ilhali mwanamume wa kimo cha wastani anayeshinda mezani hutosheka na 2,300 au 2,500. Ziada haipotei. Mwili ni mtunza ghala mwaminifu mno: hupokea kila kilichozidi na kukiweka kiunoni.

Kwa hiyo hapana budi kila mtu ajue yumo katika hali gani kati ya hizi tatu: kujenga mwili, kuudumisha, au kuupunguza.

Anayejenga na aongeze kalori 300 hadi 500 kwa siku juu ya zile anazotumia, asizidishe, na afanye mazoezi ya kubeba vizito kwa utaratibu, kwani chakula kisicho na kazi hujenga tumbo. Nawaona vijana wetu wakitoa mshahara wa wiki nzima kununua kopo la unga kutoka ng'ambo. Konzi mbili za karanga, yaani gramu 60, zina kalori zipatazo 340, nazo zinauzwa kila kona ya mtaa. Protini ya gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili huwatosha wengi wanaojenga misuli. Mukene, mayai, maziwa na maharage yanaitoa bila kopo.

Anayedumisha ana kazi isiyo na shangwe, na hapo ndipo wengi tunaposhindwa. Ajipime mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na aandike. Uzito ukitulia kwa wiki tatu, kiasi anachokula ndicho chake. Lakini kazi ikibadilika, iwe kwa uhamisho, jeraha au likizo, sahani nayo ibadilike wiki hiyo hiyo, isingoje mpaka suruali ikatae kufungwa.

Anayepunguza na aondoe kalori zipatazo 500 kwa siku, naye ataona nusu kilo hivi ikipungua kila wiki hapo mwanzo. Asipunguze protini wala asiache mazoezi ya nguvu, ili kinachoondoka kiwe mafuta. Na ajue kwamba mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo kuliko ule wa awali. Uzito ukigoma kushuka, hakuna uchawi, bali ni wakati wa kukadiria upya.

Mimi sikufuata njia hiyo. Baada ya aibu ya mbio zile, nilikula mara moja tu kwa siku. Kwa mwezi mmoja nikapoteza kilo 7, lakini mikono ikatetemeka nikijiinua sakafuni, na makarani wangu wakaanza kunikwepa kwa ukali wangu. Miezi mitatu haikwisha kabla kilo zote hazijarudi.

Haya yalikwisha kuthibitishwa zamani. Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, chini ya Ancel Keys, kiliwachunguza vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao, wakajitolea kupata njaa ili madaktari wajue namna ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na vita. Kwa wiki 24 walipewa kalori zipatazo 1,600 kwa siku, nao walitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mafuta yaliondoka, lakini misuli na furaha viliondoka pia. Wengine walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kutwa. Hawakubeba bunduki, lakini mimi askari nawapigia saluti.

Lipo jingine ambalo hatupendi kulisema. Hapa Uganda, miaka ya 1980, UKIMWI uliitwa silimu kwa sababu uliwakondesha watu. Tangu siku hizo mtu akipungua, majirani hunong'ona. Nilipoanza kupungua kwa njia iliyo sawa, mke wangu aliulizwa sokoni kama nyumbani kuna mgonjwa. Basi wako wanaokilinda kitambi kama cheti cha afya. Cheti hicho ni cha bandia. Leo mwenye virusi anayetumia dawa zake anaweza kuwa na mwili mzuri, na mwenye kitambi anaweza kuwa na kisukari au shinikizo la damu asijue. Tuliowazika jamaa zetu wakati ule tunaielewa hofu hiyo, lakini haifai itupeleke kwenye makaburi mengine.

Rai yangu ni kwamba kila mesi na kila ofisi iwe na mizani na daftari, na kwamba wapishi wagawe chakula kwa kuitazama kazi, wasiitazame nyota ya begani. Vijana wanaojiandaa kuandikishwa wasijinyime chakula wiki moja kabla ya kupimwa, wataanguka mbioni. Wagonjwa na akina mama wajawazito wamwone daktari kwanza, wasinifuate mimi.

Leo nina kilo 72. Sijarudi kuwa kadeti, wala sihitaji. Nikibahatika kumwona bibi yule tena, nitamjibu bila kujisifu: chungu ni kimoja, bibi, lakini upawa si mmoja.