Tupoze Chumba au Tupoze Nyumba Nzima?

Joto la kaskazi limetufikia, na kama ilivyo kila mwaka barua zinazouliza habari za viyoyozi zimekuwa nyingi. Tumechagua moja, maana mwenye barua hana muda mrefu wa kungoja jibu.

Mama huyu anajenga na mumewe huko Kibada. Nyumba ina vyumba vinne vya kulala, imekwisha kuezekwa, na fundi wa dari ataanza kazi mwezi ujao. Shemeji yao aliyekaa Muscat miaka mingi amemshauri baba mwenye nyumba aweke kiyoyozi cha nyumba nzima, yaani mashine moja kubwa inayosukuma hewa baridi kwenye njia zilizofichwa juu ya dari, mpaka kila chumba. Fundi ametaja shilingi milioni 16. Ndizo fedha walizoweka kwa ajili ya dari, milango na ada ya binti aliyeko shule ya bweni. Mama anauliza: "Nikikataa nitaonekana ninairudisha nyumba nyuma? Na mtambo huo tutauweza kuulisha?"

Tuanze na hilo la kulisha, kwa sababu mtambo hununuliwa mara moja lakini LUKU hununuliwa kila mwezi.

Viyoyozi vya nyumbani ni vya namna mbili kubwa. Cha kwanza ni hicho anachokitaka shemeji. Cha pili ni kile cha ukutani, ambacho mafundi hukiita "spliti": kipande kimoja ndani ya chumba, kingine nje, na katikati bomba jembamba la shaba linalopita kwenye tundu la ukuta. Hakina njia za hewa darini. Kila chumba kina chake, na chumba kisicho na mtu kinazimwa.

Watu wa Marekani walizoea kile cha nyumba nzima kwa sababu nyumba zao nyingi zilikwisha kuwa na njia za hewa darini au chini ya sakafu, zilizowekwa kwa ajili ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Kupitisha baridi humo humo lilikuwa jambo jepesi. Sisi hatuna baridi ya kupasha, kwa hiyo njia hizo tutazinunua zote kwa ajili ya kiyoyozi peke yake. Tena hata huko kwao, wizara yao ya nishati imewaonya kwamba njia za hewa zinazopita darini penye joto zinaweza kupoteza zaidi ya asilimia 30 ya umeme wa kiyoyozi. Na dari gani lina joto kuliko la kwetu, chini ya bati, saa nane mchana?

Sasa tupige hesabu, kalamu mkononi. Kwa bei iliyopangwa mwaka 2016, uniti moja ya umeme kwa mteja wa kawaida wa TANESCO ni shilingi 292, na ukijumlisha VAT, REA na EWURA inafika kama 356. Nyumba ya vyumba vinne na sebule itahitaji mtambo wa BTU 60,000 hivi. Huo, ukiwa unafanya kazi, hula kilowati tano na nusu. Tuseme usiku kompresa inazunguka nusu ya muda tu, kwa saa nane: ni uniti 22. Kwa mwezi ni uniti 660, nazo ni karibu sh. 235,000. Hapo hatujahesabu Jumamosi mchana wageni wanapokuja.

Kiyoyozi cha ukutani cha BTU 9,000, kinachotosha chumba cha mita tatu kwa tatu na nusu, kama ni cha aina ya inveta kitakula kama uniti 3 kwa usiku. Inveta maana yake kompresa haizimiki na kuwaka kwa kishindo, bali hupunguza mwendo chumba kikipoa. Kwa mwezi ni uniti 90, yaani sh. 32,000 hivi. Kile cha kawaida, kisicho cha inveta, kitafika uniti 135, sh. 48,000. Vyumba viwili vyenye inveta ni sh. 64,000. Tofauti na ule mtambo ni zaidi ya laki na nusu kila mwezi! Na kununua kimoja pamoja na kukifunga hakufiki milioni moja na nusu, kwa hiyo kwa vyumba viwili familia inabakiwa na zaidi ya milioni 13 mkononi.

Na pangaboi? Hilo hula nusu uniti kwa usiku mzima. Kwa mwezi ni uniti 15, sh. 5,300. Tunaomba tarakimu hiyo isisahauliwe, tutairudia.

Hapa tuna neno kwa wenzetu wa Tungi, Vijibweni na Mjimwema wanaoishi nyumba ndogo au za kupanga. Wengi wenu mko katika daraja la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambapo uniti ni sh. 100, na pamoja na makato 122. Mama anayetumia uniti 70 analipa sh. 8,540. Akifunga kiyoyozi cha uniti 90 anafikiri ataongeza sh. 32,000 tu. Sivyo. Matumizi yake sasa ni uniti 160, atahamishwa daraja, na zile uniti 70 za zamani nazo zitapanda kufikia 356. Bili yake itakuwa karibu sh. 57,000. Yaani kiyoyozi kimoja kimemgharimu zaidi ya sh. 48,000 kwa mwezi, na elfu 16 katika hizo hazikupoza kitu chochote, ni bei ya kuhama daraja. Hesabu hii muifanye kabla ya kwenda Kariakoo. Muuza duka haijui, na akiijua hatawaambia.

Turudi Kibada. Tunamwambia mama yetu bila kuzunguka: kwa nyumba ya familia katika mji huu, kiyoyozi cha nyumba nzima ni kulipia baridi ya vyumba visivyo na watu. Shemeji hakusema uongo kuhusu Muscat. Kule mwezi Juni joto hupita nyuzi 40, na usiku mara nyingi halishuki chini ya 30, kwa hiyo nyumba isipopozwa mchana na usiku haikaliki. Hapa kwetu mchana wa Februari ni nyuzi 32 au zaidi kidogo, usiku hushuka karibu 25, na ikifika Julai tunatafuta shuka. Tena tuna bahari. Ushauri wake umetoka nchi nyingine tu.

Lakini hata hicho cha ukutani kisiwe cha kwanza. Kwanza ni nyumba yenyewe. Hospitali ya Ocean Road, ambayo Wajerumani waliijenga mwaka 1897 ng'ambo ya maji yetu, iliwekwa ikiitazama bahari na kupewa baraza pana, na wagonjwa walipata upepo kabla ya kiyoyozi cha kisasa kubuniwa kule Marekani mwaka 1902. Wazee wa pwani walijua kwamba upepo wa kaskazi hutoka upande mmoja na wa kusi upande mwingine, wakaacha nafasi kwa wote wawili. Sisi leo tunajenga ukuta wa uzio mrefu kuliko dirisha, halafu tunalalamika kwamba Kigamboni hakuna upepo.

Angalieni na haya madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Yanapendeza, lakini dirisha la mita moja na nusu hufunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo kinachoota jua. Ya kufungua nje kama mlango yanaleta hewa yote. Wekeni wavu wa mbu kila dirisha, maana mama anayefunga madirisha saa kumi na mbili jioni kwa kuogopa mbu anaifungia ndani joto yote ya mchana. Acheni matundu ya hewa chini ya paa ili joto la bati lipate pa kutokea. Mti wa mwarobaini au mwembe upande wa magharibi hauna bili. Hayo yakifanyika, na pangaboi likawekwa, familia nyingi zitagundua kwamba miezi inayohitaji kiyoyozi hasa ni mitatu au minne, si kumi na miwili.

Nani alale penye baridi? Hapa tunazungumza kama wauguzi. Katika kutembelea waliojifungua na wazee pamoja na kikundi chetu cha akina mama kanisani, tumeona nyumba nyingi ambamo kiyoyozi kimoja tu kimefungwa sebuleni, kwa heshima ya wageni, na bibi mwenye shinikizo la damu amelazwa chumba cha nyuma chenye kidirisha kimoja. Mzee mwili wake haujipozi upesi kama wa kijana, na dawa nyingine za shinikizo humfanya apoteze maji. Mjamzito wa miezi ya mwisho, mtoto mwenye vipele vya joto, mzee: hao ndio wenye haki ya kwanza. Mgeni atapewa maji baridi na pangaboi, atashukuru.

Mtoto mchanga ni habari ya pekee. Yeye hupoteza joto upesi mno, hata vyumba vya kuzalia hutakiwa kuwa na nyuzi 25 hadi 28. Basi kitanda chake kisiwe mbele ya kiyoyozi, na mashine iwekwe nyuzi 26 au 27, si 18. Mkimgusa kifua au mgongo mkauona wa baridi, zimeni na mvikeni. Na kwa watu wazima pia, kuweka 16 ili chumba "kipoe haraka" hakusaidii kwenye mashine ya kawaida: inapoza kwa kasi ile ile, ila haitazima upesi, na uniti zinakwenda. Wekeni 26 na lile pangaboi lizunguke taratibu. Mwili utahisi kama 24, kwa nusu uniti tu.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya. Kinavuta hewa ile ile ya chumbani, kinaipoza na kuirudisha. Hapa haki ni kusema kwamba ule mtambo wa nyumba nzima unaweza kutengenezwa uvute hewa ya nje, ndiyo sababu unafaa vyumba vya upasuaji na ofisi kubwa. Katika chumba cha kulala cha spliti, mtu mwenye kifua kikuu akikohoa, wote mliofungiwa humo mnaigawana pumzi yake. Wodi za kifua kikuu hufunguliwa madirisha kwa sababu hiyo. Kila asubuhi zimeni, fungueni madirisha na mlango kwa saa nzima. Anayekohoa wiki mbili asiambiwe ni "AC inamkausha", apelekwe kituo cha afya apimwe makohozi. Vichujio vioshwe kila baada ya wiki mbili, kwa kuwa vumbi na ukungu humo huwasumbua wenye pumu.

Umeme ukikatika, na miaka ya 2023 na 2024 ilitukumbusha mgao ni nini, aliyetegemea mtambo wa nyumba nzima anakaa kwenye nyumba iliyozibwa. Aliyejenga na madirisha anafungua. Betri ndogo na paneli ya jua huendesha feni, lakini haiuwezi mtambo wa BTU 60,000.

Kwa atakayenunua, tuna maneno mawili zaidi. Hewa ya chumvi ya Kigamboni hula kile kipande cha nje, kwa hiyo kisifungwe upande unaotazama bahari kama kuna upande mwingine, na kimwagiwe maji yasiyo ya chumvi mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa. Na msishawishike na mashine zilizotumika zenye gesi ya R22, kwa kuwa gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni na nchi zetu zimekubali kuiondoa ifikapo 2030; itakuwa adimu na ghali. Fundi anayekuja kila mwaka "kujaza gesi" anawaficha kitu: gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya jikoni, ikipungua kuna pahali inavuja, na pahali hapo pazibwe.

Mama wa Kibada, dari lako bado halijafungwa, na hiyo ni nafasi nzuri. Mwambie baba watoto kwamba hukatai baridi, ila unataka kuinunua chumba kwa chumba. Fundi umeme apitishe sasa waya wake wa peke yake kwenda kila chumba cha kulala, hata kama mashine mtanunua mwaka kesho, na fundi bomba aweke ukutani bomba dogo la kutolea maji. Chumba cha mama mkwe kianze. Maji yanayotoka kwenye bomba hilo usiku wa Februari si haba; tegeni ndoo nje chini yake, na asubuhi mtakuwa na ya kudekia na ya kumwagilia maua. Kunywa, hapana.