Masafa ya Ramani si Saa za Msafiri

Mwenye kuitazama ramani ataona kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Pemba, ulio karibu na Chake Chake, hadi uwanja wa Dodoma, mstari ulionyooka ni kama kilomita 460. Kwa ndege ndogo iendayo mwendo wa kilomita 300 kwa saa, jibu la darasani ni saa moja na nusu. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini hiyo siyo safari ya mwananchi.

Ndege haiendi mwendo mmoja tangu kuruka hadi kutua; hupanda, hushuka, hungoja zamu ya kutua, na pengine hupingana na upepo. Zaidi ya hayo, msafiri wa Pemba kwa kawaida hupitia Unguja, kiasi cha kilomita 125, kisha huvuka kwenda Dar es Salaam, kilomita 73, ndipo aelekee Dodoma, karibu kilomita 390. Jumla inakaribia kilomita 590, yaani masafa yameongezeka kwa zaidi ya robo. Hata hivyo, muda wa kuwa angani ni kama saa mbili tu. Yanayoila siku ni kufika uwanjani mapema, kukaguliwa, kupokea mizigo na kungoja ndege nyingine. Na ya kwanza ikicheleweshwa na mvua za masika, ya pili haimngoji mtu.

Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuyahamishia makao makuu Dodoma ulikuwa wa busara, kwani mji huo uko katikati ya nchi. Lakini katikati ya ramani si katikati kwa kila mtu. Ofisi inapomwita mkaazi wa Pemba kwenye kikao cha saa tatu asubuhi, ikamhesabia siku moja, inamtwisha gharama ya malazi njiani na siku za kazi zilizopotea. Mwenye kuumia zaidi ni yule mnyonge aliyejilipia nauli mwenyewe, akafika akaambiwa arudi kesho.

Dini yenyewe imeutambua uzito wa safari, ikamfupishia msafiri sala na kumruhusu kufungua saumu. Haiwi vigumu kwa ofisi nayo kumfikiria.

Kwa hiyo tunawataka watendaji wahesabu safari tangu mlangoni kwa mtu hadi mlangoni kwa ofisi. Wito utumwe mapema, vikao vya watu wa visiwani vianze mchana, na shauri linaloweza kumalizika Chake Chake au Unguja lisimtoe mtu kwake. Wenye ndege nao wapange ratiba zinazoungana.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hapana budi wanaopanga vikao wawasikilize wanaosafiri.