Kadi ya bangi kwa wasiwasi: mzazi mwenye mtoto Marekani ajue nini

Mama mmoja ameniuliza: mwanawe anasoma Pennsylvania, anasema ana msongo wa mawazo na anataka kuomba kadi ya bangi ya matibabu. Je, inaruhusiwa?

Jimbo hilo liliruhusu bangi kwa matibabu mwaka 2016, na Julai 2019 likaongeza magonjwa ya wasiwasi kwenye orodha ya maradhi yanayokubalika. Msongo wa mawazo wenyewe haumo. Presha ya mitihani au kukosa kodi ya nyumba si ugonjwa. Daktari aliyesajiliwa kwenye mpango huo lazima athibitishe kwamba mgonjwa ana ugonjwa wa wasiwasi, yaani hofu isiyokwisha inayovuruga usingizi, masomo na kazi.

Kukubaliwa na sheria, hata hivyo, si kuthibitishwa na sayansi. Mkuu wa afya wa jimbo wakati huo, Dk. Rachel Levine, alisema bangi si tiba ya kwanza na isichukue nafasi ya tiba zilizozoeleka. Mwaka huohuo, jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha mapitio ya tafiti 83 kuhusu bangi na magonjwa ya akili. Ushahidi ulionekana kuwa mdogo na dhaifu.

Tena kemikali ya THC, ile inayolewesha, ina tabia ya ajabu. Kidogo huweza kutuliza. Ikizidi, moyo hwenda mbio na hofu hupanda. Kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua, hatari ya kuchanganyikiwa akili ni kubwa zaidi.

Kuna jambo ambalo vijana wetu huko hawaambiwi dukani. Aprili 2019, idara ya uhamiaji ya Marekani ilieleza kuwa kutumia bangi kunaweza kumkwamisha anayeomba uraia, hata kama jimbo lake linairuhusu. Kadi ya jimbo haimkingi. Asiye raia azungumze kwanza na mwanasheria wa uhamiaji.

Na asiibebe kuja nayo likizo. Tanzania na Kenya hazitambui kadi hiyo. Uwanja wa ndege atakamatwa kama mtu yeyote mwenye bangi.

Mama, mwambie aanzie kituo cha afya cha chuo aombe tiba ya mazungumzo. Kama tayari anameza dawa za wasiwasi, asiziache ghafla. Akianza kusema hataki kuishi, usingoje miadi: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.