Kipimo cha moyo kupitia umio: Usalama huanzia kwenye barua ya rufaa

MGONJWA wa moyo anayepewa rufaa kutoka Tabora kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), jijini Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 800 kwa reli, akifuata uelekeo wa misafara ya kale iliyopita Tabora kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo. Tangu taasisi hiyo ilipozinduliwa mwaka 2015, wengi ambao awali wangepelekwa India hutibiwa nchini. Hata hivyo, safari hiyo ndefu inaweza kukwamia katika chumba cha vipimo.

Miongoni mwa vipimo hivyo ni ultrasaundi ya moyo kupitia umio. Mgonjwa humeza mpira mwembamba wenye kifaa cha mawimbi ya sauti kwenye ncha yake. Kwa kuwa umio hupita nyuma ya moyo, daktari huona vali na mabonge ya damu ambayo kipimo cha kifuani huenda kisiyaonyeshe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1991, uliohusisha vipimo 10,419 katika vituo 15 vya Ulaya, ulibaini kuwa mpira ulishindwa kuingia mara 201. Karibu katika matukio yote hayo, chanzo kilikuwa mgonjwa kushindwa kutoa ushirikiano au daktari kukosa uzoefu. Vipimo vingine 90 vilikatishwa, na mgonjwa mmoja alifariki dunia kwa kutokwa damu. Saratani ya mapafu ilikuwa imepenya hadi kwenye umio wake.

Kifo hicho ni fundisho kwa mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa. Kichocho cha tumbo, kilichoenea kandokando ya Ziwa Victoria, huweza kudhuru ini na kuvimbisha mishipa ya damu ya umio. Mpira ukiichubua, damu huweza kuvuja kwa wingi. Aidha, dawa za kutuliza huweza kupunguza upumuaji, na mgonjwa aliyekula huweza kupaliwa na matapishi. Ndiyo maana hutakiwa kukaa takriban saa sita bila kula.

Tahadhari hizo hazihitaji mashine ghali. Je, amewahi kutapika damu? Chakula humkwama anapomeza? Ana meno yanayolegea? Majibu yakiandikwa kwenye barua ya rufaa, na mgonjwa akielezwa mapema kitakachofanyika, daktari hujiandaa. Yasipoandikwa, aliyeuza ng'ombe apate nauli anaweza kurejea Tabora bila jibu, au asirejee kabisa.