Kufungua Tumbo Jioni: Lugha Kando ya Jiko la Mutura

Wahenga walinena kuwa mla ni mla leo, mla jana kala nini. Usemi huu huthibitika kila jioni katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Apitaye Kaloleni, Jericho, Umoja au Dandora saa kumi na mbili hulakiwa na moshi wa mutura kabla hajamwona mchomaji.

Waitaliano wana desturi waiitayo aperitivo: kinywaji chenye uchungu kidogo na vitafunio vichache vinavyoliwa na marafiki baina ya kazi na chakula cha usiku. Jina hilo latokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufungua, kwani kinywaji hicho huaminiwa kufungua tumbo. Antonio Benedetto Carpano alianza kuuza vermouth yake mjini Turin mwaka 1786. Campari ikafuata mwaka 1860. Desturi hiyo leo yaheshimika duniani kote.

Ya Eastlands je? Aghalabu huitwa uzururaji. Ilhali mambo ni yale yale. Watu wametoka kazini, miguu imechoka, chakula cha nyumbani hakijaiva. Wanasimama kulizunguka jiko. Mchomaji anaukata utumbo uliojazwa nyama na damu juu ya kibao, anaongeza chumvi na kachumbari yenye pilipili, kila mtu anachukua kipande kwa vidole. Pembeni pana supu ya moto katika vikombe. Apendaye kileo huendelea hadi baa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, maarufu kwa jina la mbunge John Mututho, iliziruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Wanywaji walinung'unika, lakini saa hiyo majiko yalikuwa yakiijua tangu zamani. (Kasoro ipo: wanawake ni wachache mno kando ya jiko, na jambo hilo halifai kusifiwa.)

Kinachosikitisha ni kwamba wanaisimu hufika hapo kusaka Sheng tu. Hawayasikii mabishano ya kandanda yanayopangwa hoja kwa hoja, mafumbo, wala utani wa watani wa makabila mbalimbali wanaokutana katika Kiswahili. Mwanafunzi akitakiwa kuunda istilahi ya aperitivo hujifungia maktabani kuunganisha vijineno, hali Kiswahili kina mantiki hiyo hiyo ya kufungua. Kifungua kinywa hufungua asubuhi. Futari, neno lenye asili ya Kiarabu, hufungua saumu jua linapotua. Katika Majengo ya Pumwani, mwezi wa Ramadhani, viazi karai na kaimati huliwa kwa mazungumzo yasiyo na haraka. Nayo mutura, iliyotoka kwa Wagikuyu, imekwisha kuwa neno la Mluo, Mkamba na Mluhya wa Nairobi. Ni kamusi gani iliyoombwa ruhusa?

Desturi hii si ya kudumu kwa lazima. Kafyu ya Korona ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, watu walitakiwa kuwa majumbani ifikapo saa moja jioni, yaani saa yenyewe ya mutura. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021 na majiko yakarudi. Ubomoaji hauna tarehe ya kuondolewa. Huko Pangani nyumba za kale za jiji zilikwisha kuvunjwa na maghorofa yakapanda. Kaloleni, mtaa ambao wazee husimulia kuwa ulijengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano katika miaka ya 1940, una viwanja baina ya nyumba ambamo watu husimama na kuzungumza. Ghorofani hapawashwi makaa.

Vyama vya Kiswahili vyuoni hufanya safari za Lamu na Mombasa kila vipatapo nauli. Safari ya Kaloleni ni nauli ya matatu moja. Istilahi za mchomaji, majina ya vipande, namna ya kuagiza na ya kukopa, vingetosha tasnifu nzima, nayo iandikwe kabla tingatinga halijawasili.