2024 YR4: Mbona Asilimia Inapanda na Bado Hufai Kushtuka

Ilirudi tena. Februari 2025 ulisoma vile jiwe linaitwa 2024 YR4 linakuja kutumaliza Desemba 22, 2032. Ukatuma kwa grupu ya familia, mamako akajibu na emoji ya maombi, wiki moja baadaye stori ikazima kimya kimya. Juni 2025 TikTok ikajaa tena, saa hiyo ati ni Mwezi ndio utagongwa. Asilimia 4.3. Na kuna swali watu wanauliza ambalo, kusema ukweli, ni swali poa: hawa wasee wa NASA wanajua chenye wanafanya, ama wanatubahatishia tu namba?

Wanajua. Lakini hiyo asilimia haimaanishi chenye wengi wetu tunadhani inamaanisha, na hapo ndio noma huanzia.

Cheki kwanza vile jiwe lenyewe lilipatikana. Desemba 27, 2024, darubini ya mradi wa ATLAS kule Río Hurtado, Chile, ilinasa kidoti kimoja hafifu. Kazi ya ATLAS si ngumu kueleza. Inapiga sehemu moja ya anga picha nne, kila moja ya sekunde 30, ndani ya kama saa moja. Nyota zinabaki pale pale. Chenye kimesonga kati ya picha ya kwanza na ya nne ndicho unatafuta. Unapima kiko wapi ukilinganisha na nyota ambazo mahali pake panajulikana tayari, unatuma vipimo kwa Minor Planet Center kule Marekani, na watu wenye darubini dunia nzima wanaelekeza zao hapo hapo waongeze vipimo vyao. Hivyo ndivyo njia ya jiwe kuzunguka jua inachorwa, doti moja baada ya nyingine.

Shida ni kwamba wakati linaonekana, lilikuwa lishapita. Lilitukaribia zaidi siku ya Krismasi, kama kilomita 829,000 kutoka hapa, wewe ukiwa na nyama choma kwa mkono. Lilitokea upande wa jua, na huko darubini za ardhini haziwezi kuangalia. Siku mbili baadaye ndio likanaswa likienda zake. Kwa hivyo kila usiku uliofuata lilikuwa mbali zaidi na hafifu zaidi. Ni jiwe la kama mita 60, halina taa yake, unaliona tu kwa mwanga wa jua linaourudisha.

Ni kama uone nduthi kwa sekunde tatu pale Globe, halafu mtu akuulize itakuwa wapi masaa nane yajayo. Unajua ilielekea Thika Road. Spidi unakisia. Ukikosea kidogo tu mwanzoni, baada ya masaa nane umekosea kwa kilomita kibao. Na hapa hatuongei masaa nane, tunaongea miaka nane. Hivyo wanasayansi hawakupata alama moja ya mahali jiwe litakuwa siku hiyo ya 2032. Walipata mstari mrefu sana wa mahali linaweza kuwa, na Dunia ilikuwa imekaa ndani ya huo mstari.

Sasa skiza hii. Simu imeibiwa kwa sherehe ya watu 100 na wewe ulikuwa ndani. Bila ushahidi wowote, uwezekano kuwa wewe ndiye mwizi ni asilimia 1. Wanacheki kamera, watu 68 wanaonekana walikuwa nje, wanaachiliwa. Mmebaki 32. Asilimia yako imefika 3.1. Umeiba kitu? Zii. Hakuna chochote kimebadilika upande wako, ni wengine wameondolewa. Halafu kamera nyingine inakuonyesha ukiwa jikoni ukijipakulia pilau, na wewe pia unaenda nyumbani. Kutoka 3.1 hadi sufuri kwa dakika moja.

Dunia ndiyo ilikuwa wewe. Kadiri vipimo viliongezeka, ule mstari ulizidi kuwa mfupi, na vile Dunia ilikuwa bado ndani, sehemu yake ya mstari ikawa kubwa. Mwisho wa Januari asilimia ikapita 1, na Januari 29 mtandao wa kimataifa wa kutoa onyo kuhusu asteroidi ukatangaza rasmi. Katikati ya Februari mwezi mpevu ukawaka, ukafanya kidoti hafifu kama hicho kisionekane vizuri, kazi ikasimama kidogo. Februari 18 namba ya NASA ikagonga 3.1, kubwa zaidi kuwahi kuandikwa kwa jiwe la saizi hiyo au kubwa kuliko hiyo. Kama wewe ni mtu wa kubeti, hiyo ni kama odds ya 32. Unajua vile slip ya odds 32 huisha.

Na iliisha hivyo. Februari 19 ilikuwa 1.5. Februari 20 ikawa 0.28. Kufikia Februari 24, 0.004. Jiwe halikubadilisha njia. Sisi ndio tulijua zaidi.

Si mara ya kwanza. Desemba 2004 jiwe kubwa zaidi, Apophis, lilifika asilimia 2.7 ya kugonga Dunia mwaka wa 2029. Wengi hawakuskia kwa sababu siku hizo hizo tsunami ilikuwa imepiga pwani za Bahari Hindi. Halafu watu wakafukua picha za zamani za Machi 2004, wakalipata limekaa humo bila mtu kulitambua, na hiyo nafasi moja ya ziada ikaua hesabu yote. Baadaye, 2021, vipimo vya rada vikaonyesha Apophis haitatugonga kwa angalau miaka 100.

Najua kuna mtu anasema, basi wangenyamaza hadi wakuwe na uhakika. Mimi nakataa. Hebu angalia ramani ya mahali YR4 ingeweza kuanguka: ilianza mashariki ya Pasifiki, ikapita kaskazini mwa Amerika Kusini, Atlantiki, ikakata Afrika, Bahari ya Arabuni, hadi Asia Kusini. Nchi zilizotajwa ni kama Nigeria na Ethiopia, majirani zetu hao. Na jiwe la saizi hiyo si mchezo. Lile lililolipuka juu ya Tunguska, Siberia, mwaka wa 1908 linakisiwa kuwa la saizi kama hiyo, na liliangusha miti kwa eneo la kama kilomita 2,000 mraba. Kule ni msitu. Fikiria Lagos. Kama hiyo namba ingeendelea kupanda hadi 50, mtu wa Lagos angehitaji kujua mapema, na angehitaji kuwa bado anaamini wanaomwambia.

Hiyo ndiyo hasara ya kelele za Februari. Namba ikipanda ilipewa picha ya Dunia ikiwaka moto. Ikishuka ikapewa aya moja huko chini. Ukifanyiwa hivyo mara tatu, ya nne hutaskia, hata ikiwa ya ukweli.

Na sisi hapa tunajua vile huwa bila onyo. Desemba 30, siku tatu baada ya YR4 kupatikana, pete ya chuma ya kama kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Kenya Space Agency ikasema ni kipande cha roketi. Hiyo ni kitu binadamu walijenga wenyewe na kurusha wenyewe, lakini watu wa Mukuku walijua iko njiani wakati ishafika.

Turudi kwa Mwezi, sababu ndio stori iliyofuata. Dunia ilipotoka kwa mstari, Mwezi ulibaki ndani. Mwisho wa Februari ilikuwa asilimia 1.7. Darubini ya angani ya James Webb ikaangalia jiwe, ikapanda hadi 3.8. Mwezi wa Mei ikaliangalia tena kabla halijapotelea mbali, makadirio ya mahali litakuwa 2032 yakawa bora kwa karibu asilimia 20, na namba ikafika 4.3. Unaona? Ni ile sherehe tena, watu wameachiliwa wengine. Wakati huo bado kulikuwa na asilimia 95.7 kuwa lingepita tu.

Hata kama lingegonga, Mwezi wenyewe haungeenda popote. Lingechimba shimo la kama kilomita moja kwa upana. Wasiwasi ulikuwa vumbi na mawe madogo ambayo yangeruka, maana satelaiti ziko huku kwetu, na kwa satelaiti ndio unapata ramani ya kwa simu. Hiyo ilikuwa risk ya kufuatilia, lakini si ya kuuza shamba.

Kufikia Juni 2025 darubini za ardhini zilikuwa hazilioni tena. James Webb ilitarajiwa kupata nafasi nyingine mapema 2026. Zaidi ya hapo ilikuwa ni kungoja 2028, sababu jiwe huzunguka jua kwa miaka minne hivi, ndio maana 2024, 2028, 2032. Kwa hivyo ukiona namba ya jiwe kama hili ikipanda hadi 10 ama 20, uliza kwanza: mstari umekuwa mfupi kiasi gani?

Na ukitaka kuona asteroidi kwa macho yako, weka Aprili 13, 2029 kwa kalenda. Apophis itapita kama kilomita 32,000 juu ya ardhi, karibu kuliko satelaiti zinazokuletea DStv, na watu wa Afrika, Ulaya na magharibi mwa Asia wataiona bila darubini, kama nyota inayotembea. Ni Ijumaa usiku. Toka nje ya tao kidogo, taa za Nairobi zitakunyima.